Kaimu, Akidi na Seva Iliyoganda

Neno linalotumikishwa kuliko yote katika Kiswahili cha siku hizi ni "mtandao". Simama kwenye kaunta yoyote mjini Same, iwe ya benki, ya hospitali au ya tiketi pale stendi, usubiri mambo yakwame. Mhudumu atainua macho na kusema, "Mtandao hamna." Waya umekatwa na greda huko barabarani: mtandao hamna. Umeme umekatika na betri zimeisha: mtandao hamna. Seva imezima, diski imejaa, hifadhidata imegoma kufunguka, nywila ya mkubwa imepitwa na wakati: mtandao hamna. Foleni inaguna, wanaoishi mjini wanaondoka, na mama aliyeteremka na gari la alfajiri kutoka Vudee anaanza kupiga hesabu ya nauli ya kurudi na ya kuja tena.

Mhudumu hana kosa, maana akiwa pale kaunta hitilafu zote hizo zina sura moja. Fundi ndiye asiyeweza kuishi na neno moja. Nataka kuzungumzia msamiati wa kazi yake mojawapo: kuunganisha seva mbili au tatu za Linux ili moja ikianguka nyingine ishike huduma, na yule mama apate risiti yake bila kujua kwamba kuna lililotokea. Waliobuni kazi hii waliipa maneno ya Kiingereza yaliyojaa mioyo, bongo na risasi. Sisi tunayo maneno ya vikao na ofisi, na nadai kwamba yanaeleza vizuri zaidi kile mashine zinachofanya.

Lengo lenyewe kwanza. Vitabu vya mafunzo huliita "upatikanaji wa juu", tafsiri iliyokatwa kwa panga. Juu ya nini? Shina lake hata hivyo ni zuri, na kila mwenye simu analijua kwa sauti ya yule dada anayetuambia kwamba namba tunayopiga haipatikani kwa sasa. Kupatikana ni kuitwa ukaitika. Kwa hiyo mimi husema "upatikanaji" pale ninapotaja kiwango kwenye mkataba, na "huduma isiyokatika" pale ninapomweleza mwenye ofisi atalipia nini. Kiwango hicho hupimwa kwa idadi ya tisa. Tisa tatu, yaani asilimia 99.9, zinaruhusu huduma ikosekane saa 8 na dakika 45 hivi kwa mwaka mzima. Tisa nne zinaruhusu dakika 52 na kidogo. Tisa tano ni dakika 5 na sekunde 15, muda usiomtosha fundi kutoka kitandani na kutafuta funguo za chumba cha seva. Mei 2021 ununuzi wa umeme wa LUKU ulipokwama kwa siku kadhaa, nchi nzima ilijifunza hesabu hii bila mwalimu: siku moja tu ya kukwama inaushusha mwaka mzima hadi asilimia 99.7.

Dakika tano zinaondoa binadamu kwenye uamuzi, kwa hiyo mashine lazima ziamue zenyewe. Hapo ndipo maneno yanapoanza kuwa na uzito, kwa sababu fundi huandika kanuni za uamuzi huo kabla ya tukio, na akizichanganya kichwani atazichanganya kwenye faili la usanidi.

Kundi lenyewe la seva naliita klasta, na silionei aibu. Wapo waliojaribu kishada na kichala. Kishada watoto wanakirusha angani, na kichala kinakaa vizuri zaidi kwenye zabibu. Lugha imeshawahi kujaribu kupambana na mkopo ulioota mizizi: "ngamizi" iliwekwa ishindane na kompyuta, kompyuta ikabaki, na ng'ambo ya mpaka Wakenya wakaenda zao na "tarakilishi". Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice kupitia mradi wa Kilinux, na programu ya ofisi ikaanza kusema Kiswahili kuanzia menyu mpaka ujumbe wa makosa. Ilikuwa kazi kubwa, lakini ilikuwa kazi ya mezani: faili, hariri, hifadhi, chapa. Chumba cha seva hakikuguswa. Wanaoingia humo walifundishwa kwa Kiingereza na hubishana kwa Kiswahili, na maneno ya mabishano yao bado hayajaandikwa kwenye kamusi.

Mabishano huanzia hapa: seva ya kwanza ikianguka na ya pili ikashika huduma, tuseme nini kimetokea? Nimesikia "kurithi", "kuhamia" na "kupokea kijiti". Kurithi kunataka maiti, na seva ya kwanza mara nyingi haijafa. Kuhamia kunafaa pale fundi mwenyewe anapoipeleka huduma upande wa pili ili afanye matengenezo, kwa saa aliyoichagua. Neno linalokaa sawasawa ni kukaimu. Kila aliyewahi kupeleka barua ofisi ya serikali anajua kaimu ni nani: anasaini, anagonga muhuri, mamlaka yote ya cheo anayo, ila cheo si chake. Seva ya pili nayo hufanya hivyohivyo. Inafungua diski, inawasha hifadhidata, inachukua anwani ambayo wateja wanaijua, na kwa mteja hakuna kilichobadilika isipokuwa sekunde kadhaa za kusubiri.

Mwenye cheo akirudi inakuwaje? Pacemaker, programu inayopanga huduma ikae kwenye seva ipi, humwachia fundi uamuzi huo kwa namba. Ukiiwekea huduma unato mkubwa, itabaki kwa kaimu hata mwenyewe akirudi akiwa mzima wa afya. Kwa seva hilo ndilo jema, kwa sababu kila makabidhiano ni katizo jingine. Maofisini nako tunawajua makaimu wenye unato, ila huko mambo yana sura nyingine.

Kijiti nakiachia Corosync, programu inayobeba mazungumzo baina ya seva. Ndani yake kuna ujumbe unaozungushwa toka seva moja hadi nyingine, na aliyeushika ndiye mwenye ruhusa ya kutuma. Usipozunguka kwa muda uliopangwa, unaohesabiwa kwa sekunde chache, waliobaki huitana upya kuhakiki nani yupo na nani hayupo. Hicho ni kijiti halisi, cha mbio za kupokezana. Tukiita kukaimu pia "kupokea kijiti", neno moja litakuwa na kazi mbili ndani ya chumba kimoja, na saa nane za usiku mtu atazima mashine isiyostahili kuzimwa.

Sasa nifike kwenye neno ninalolipenda kuliko yote. Kiswahili cha mafundi kina vitenzi vingi vya ugonjwa wa mashine: imezima, imekufa, imeungua, imegoma, inasumbua, imeganda. Anayejifunza kazi hii hudhani adui ni seva iliyokufa. Iliyokufa haina shida: haiandiki, haijibu, haimdhuru mtu. Ya kuogopwa ni iliyoganda, na lugha imelisema hilo kabla ya wahandisi, kwa sababu kilichoganda huyeyuka.

Fikiria seva imeganda ikiwa katikati ya kuandika malipo kwenye hifadhidata. Mwenzake anaita, hasikii kitu. Anakaimu, anafungua data, anaanza kupokea malipo mapya. Kisha ile ya kwanza inayeyuka. Haina habari kwamba muda umepita, kwa hiyo inamalizia sentensi yake. Sasa seva mbili zinaandika mahali pamoja, kila moja ikijiona ndiyo yenye cheo, na ndani ya muda mfupi hakuna hata moja yenye daftari la kuaminika. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wake kwenye hifadhidata hausikiki mpaka mhasibu afunge mwezi.

Ajali hii Kiingereza kinaiita ubongo uliogawanyika. Kwa muda nilivutwa na mafahali wawili wa kwenye methali, wale wasiokaa zizi moja. Tatizo ni kwamba mafahali wanaonana, ndiyo maana wanapigana. Hapa kila mmoja anaamini kwa dhati kwamba mwenzake hayupo tena. Kwa kuwa tumeshachagua kukaimu, jina la ajali linajitokeza lenyewe: mihuri miwili. Fundi akiniambia "jana usiku tulikuwa na mihuri miwili" naelewa mara moja kwamba kuna nyaraka halali za pande mbili zinazopingana, na kwamba kazi ya leo ni kuamua zipi zitupwe.

Kinga yake ni kutenga. Kabla kaimu hajagusa chochote, ahakikishe mwenzake hawezi kuandika tena, awe amekufa, ameganda au yuko mzima nyuma ya waya uliokatika. Kuna kutenga kwa kumzimia umeme na kuna kutenga kwa kumnyima diski. Ile njia ya umeme ilipewa na waundaji wake jina la STONITH, kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayoagiza kwamba yule mwingine apigwe risasi ya kichwa. Ni utani wa wahandisi, lakini una ubaya wake, kwa kuwa wanagenzi wanaiona njia yenyewe kama ukatili usio wa lazima na kuizima ili klasta iache kulalamika. Wanaita hivyo kurahisisha. Ningekuwa na mamlaka, mwanagenzi angekatazwa kukizima kipengele hicho mpaka aeleze kwa maneno yake mwenyewe mihuri miwili ni nini.

Pacemaker ina neno jingine ambalo halina budi kutafsiriwa kwa ujasiri. Seva ikipotea bila kuaga, programu huiandika kuwa si safi. Wengi huliruka neno hilo kwenye skrini. Mimi nalitafsiri "najisi", na hakuna muumini wa msikiti au kanisa hapa Upareni anayehitaji maelezo zaidi: aliye najisi hashiriki mpaka atakaswe. Kutengwa ndiko kutakaswa kwake. Ikithibitika kwamba umeme wake umezimwa, unajisi unaondoka, na huduma zake zinaweza kuchukuliwa na mwingine.

Nilionyesha hili kwa vijana wawili kwenye chumba cha seva cha ofisi moja mjini Same, chumba chenye dirisha lililobandikwa magazeti kuzuia jua na vumbi jekundu lililojaa kwenye vichujio vya feni. Seva mbili zilikuwa kwenye kabati moja, data ikinakiliwa kutoka moja hadi nyingine kwa DRBD, ambayo imo ndani ya kiini cha Linux tangu mwaka 2010. Nikachomoa waya wa mtandao wa ile ya juu na kuuacha wa umeme. Taa zake ziliendelea kuwaka, feni zikaendelea kuvuma, ilikuwa hai kabisa. Kwenye skrini ya ile ya chini jina la mwenzake likabadilika: najisi. Hakuna kilichohamishwa bado. Ikapita kimya kidogo, kisha kabati likatoa mlio wa "tik", na feni za ile ya juu zikashuka sauti mpaka zikanyamaza. Hapo ndipo kaimu alipoanza kazi, kwa utaratibu wake: nakala ya data ikapandishwa cheo, diski ikafunguliwa, hifadhidata ikawashwa, na anwani ikaja mwisho kabisa, ili mteja asibishe hodi kwenye nyumba ambayo mwenyeji hajavaa.

Kijana mmoja aliuliza kitu cha maana: kwani ile ya juu nayo haikuona kwamba mwenzake amepotea? Iliona. Kila moja ilimwona mwenzake kuwa najisi, na kila moja ilikuwa na mkono kwenye swichi ya mwenzake. Usipoipa mojawapo sekunde chache za kuchelewa, zinaweza kuzimana kwa pamoja, na huduma uliyoilinda kwa gharama yote hiyo ikazimika na wote wawili.

Dawa ya hapo ni akidi. (Msiichanganye na akida, yule aliyekusanya kodi enzi za Mjerumani.) Kila mwanakikao anaijua: wajumbe wasipotimia, hakuna maamuzi. Klasta hufuata kanuni hiyohiyo. Kila seva ni mjumbe mwenye kura moja, na kundi lisilofikia akidi linasimamisha huduma zake lenyewe. Lakini kuna tofauti moja inayonifurahisha. Akidi ya Bunge letu ni nusu ya wabunge wote. Akidi ya Corosync ni zaidi ya nusu. Kwa nini mashine ziwe kali kuliko Katiba? Kwa sababu Bunge lina ukumbi mmoja Dodoma na Spika mmoja. Nusu ikiwa ukumbini, nusu nyingine haina mahali pa kuitisha kikao chake. Klasta iliyokatika katikati ina kumbi mbili, na nusu ingetosha kila upande kufungua kikao halali na kupitisha maamuzi. Ile kura moja zaidi ya nusu inahakikisha kwamba upande mmoja tu, au hakuna kabisa, ndio utakaokuwa na haki ya kugonga muhuri.

Kutoka hapo hesabu inajieleza. Wajumbe watatu, akidi wawili: unaweza kumpoteza mmoja. Wajumbe wanne, akidi watatu: bado unaweza kumpoteza mmoja tu, na umenunua seva ya nne bure. Watano, unawapoteza wawili. Na wajumbe wawili? Akidi ni wawili, kwa hiyo mmoja akianguka mwenzake anafunga kazi, yaani umenunua seva ya pili ili uongeze uwezekano wa kukwama. Corosync ina kipengele cha kuwaruhusu wawili waendeshe kikao kwa kura moja, lakini ni mkopo, na dhamana ya mkopo huo ni kutenga kunakofanya kazi.

Siku nyingine nilimweleza mambo haya mzee mmoja wa Bangalala aliyekuwa akisubiri huduma. Kwao kuna ndiva, yale mabwawa madogo ya Wapare yanayojazwa usiku kwa maji ya mfereji na kufunguliwa asubuhi ili maji yashuke mashambani kwa nguvu. Ya Manoo inajulikana hata na watafiti wa nje. Alisikiliza, akaniuliza, "Sasa, kijana wangu, hizo mashine zako, zamu inajulikanaje?" Lilikuwa swali la mtu aliyeona watu wawili wakifungua maji kwa siku moja, kila mmoja akiapa ni zamu yake, na maji yakakauka kwenye mchanga kabla ya kufika kwa yeyote. Kamati ya ndiva haimpangii mwenye nguvu. Inatangaza zamu, na asiyeshiriki msaragambo wa kuzibua mfereji anajua kitakachompata. Nimechukua neno lake. Ile anwani isiyo ya seva yoyote, inayohama kwenda kwa mwenye kuhudumu, ambayo wenzangu huiita inayoelea, mimi sasa naiita anwani ya zamu. Kuelea ni kukosa mwenyewe. Anwani hii ina mwenyewe kila dakika, ila mwenyewe huyo hubadilika.

Limebaki neno la urudufu. Walimu wa zamani wanaikumbuka mashine ya kurudufia mitihani, wino ukiwachafua vidole. Urudufu ni kuwa na kitu zaidi ya kimoja, na watu huuchanganya na usalama. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika siku moja kwenye pwani ya kusini mashariki mwa Afrika, na intaneti ikadorora Tanzania nzima. Zilikuwa nyaya mbili, lakini bahari moja. Nchi kavu, Mkongo wa Taifa ulijengwa kwa mizunguko ili ukikatwa upande mmoja mawasiliano yapite upande wa pili. (Neno "mkongo" linawasumbua wazee wa Makanya, waliokulia kando ya mashamba ya mkonge, na siwezi kuwacheka: yote mawili ni nyuzi.) Kwa seva zangu kipimo ninachotumia ni kuuliza kila kilicho kiwili kinashirikiana nini na pacha wake. Kabati moja? Soketi moja ya ukutani? Fundi mmoja mwenye funguo? Urudufu usio na utengano ni nakala mbili za mtihani ndani ya bahasha moja.

Ndiyo maana mjumbe wa tatu wa klasta ile hakai Same. Corosync ina programu ndogo ya kazi hiyo, isiyobeba data wala huduma, ya kupiga kura tu. Tumeiweka kwenye kompyuta ndogo huko Usangi, kwa umeme wa sola na laini ya kampuni nyingine ya simu. Njia ya kwenda kwake ikikatika, wawili wa Same wanaonana na akidi ipo. Wao wasipoonana, kura yake ndiyo inayoamua nani aendelee na nani atengwe. Kwenye faili la usanidi ana jina la Kiingereza. Vijana wanamwita balozi, kama balozi wa nyumba kumi anayeitwa watu wakishindwa kusikilizana, na mimi nimeanza kuliandika jina hilo kwenye mwongozo wa ofisi.